Kuta za Carcassonne zitazamwe polepole

Mhariri,

Wasomaji wa Kisumu wanaozuru Ufaransa wasiishie Paris. Carcassonne, mji wa ngome kusini mwa nchi hiyo, ina kuta mbili, zenye urefu wa kilomita 3 hivi kwa jumla, na minara 52. Ukivuka lango la Narbonne usivutwe na maduka. Shika njia iliyo kati ya kuta hizo, haina kiingilio. Sogelea ukuta wa ndani: mawe madogo yaliyopigwa mistari ya matofali mekundu ni kazi ya enzi za Warumi, mawe makubwa yaliyobenuka ni ya karne ya 13. Mapaa ya minara yaliyochongoka huwapotosha wengi wakidhani ni ya kale, kumbe msanifu majengo Viollet-le-Duc aliyaweka karne ya 19. Vaeni viatu bapa, njia huteleza mvua ikinyesha. Na Thimlich Ohinga, boma la kale kule Migori, mawe yaliyoshikana bila udongo wala saruji, mmeitazama hivyo?

Msomaji,
Kisumu