Kwa Waziri wa Afya: tuambie kama ukunga ni kazi tuliyokatazwa

Mheshimiwa Waziri,

Nimekuwa mkunga kwa miaka 14, yote hapa Arua, Uganda. Wodini kwetu Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Mlugbara, Mkakwa, Mnubi, na mama aliyevuka mpaka kutoka Ariwara, Kongo, uchungu ukiwa umeshamshika, wote wanaelewa ukiwaambia "usisukume bado, mama." Ndiyo maana na barua hii nimeiandika kwa Kiswahili. Ninaishi na virusi vya ukimwi. Nameza ARV kila jioni, na kwa miaka mingi sasa vipimo havijaonyesha virusi kwenye damu yangu.

Hospitali binafsi niliyokuwa nikifanya kazi haikunifukuza. Nataka ulijue hilo kwanza, maana hapo ndipo shida ilipo. Majibu yangu yalitoka maabara yakafika kwa mkuu wa wodi bila ruhusa yangu, na wiki hiyohiyo nikaambiwa nihamie stoo. Nikawa nahesabu katoni za glavu huku nawasikia kina mama wakilia upande wa pili wa ukuta, na mkunga mmoja akihangaika peke yake na watatu. Mkataba ulipokwisha, haukuongezwa. Sina karatasi hata moja inayotaja virusi. Nilipong'ang'ania kujua sababu, nilijibiwa kwa upole kabisa: "Sista, kazi yako ni ya damu. Hata sheria inaturuhusu."

Nikaenda kuitafuta hiyo sheria.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza waziwazi kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya VVU. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na Ukimwi ya mwaka 2014 inafafanua zaidi: mtu asinyimwe kazi anayoiweza, asihamishwe, asinyimwe cheo wala kuachishwa kwa sababu hiyo tu. Nilipofika kwenye neno hilo la kuhamishwa, nililia. Kisha nikasoma yanayofuata. Katazo halimhusu mwajiri anayeweza kuthibitisha kwamba kazi yenyewe inahitaji mtu mwenye hali fulani ya afya. Kwa mwenye kiwanda cha sabuni huenda maneno hayo hayana uzito. Kwa mwenye hospitali ni mlango mkubwa, kwa sababu hospitalini kila kazi inaweza kuitwa ya damu, na mkunga asiye na mshahara hana pesa za kwenda kubishana mahakamani.

Sayansi haiungi mkono kisingizio hicho. Mfanyakazi anapochomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi, uwezekano wa kuambukizwa ni karibu 3 kwa kila 1,000. Yaani hatari kubwa zaidi wodini inatoka kwa mgonjwa kuja kwetu, nasi tunaibeba kila zamu. Mkunga anayemeza dawa, ambaye virusi vyake havionekani, anayevaa glavu na kutupa sindano panapostahili, anamwambukiza mama kwa njia ipi? Uingereza ilikuwa na marufuku kali dhidi ya madaktari na wauguzi wenye VVU kufanya upasuaji. Mwaka 2013 ilitangaza kuiondoa kwa walio kwenye dawa, mradi wapimwe kiwango cha virusi mara kwa mara. Kama wanaruhusiwa kushika kisu, mimi nazuiwaje kumpokea mtoto?

Najua hofu hii ina historia. Mwaka 2014 muuguzi mmoja wa Kampala, anayeishi na virusi kama mimi, alijichoma na sindano akimtibu mtoto aliyekuwa akirukaruka, na ikadaiwa alimchoma mtoto kwa sindano ileile. Kabla mahakama haijasema neno, vyombo vya habari vilikuwa vimeshamwita muuguzi muuaji. Alihukumiwa miaka 3, na baada ya rufaa akatoka kabla mwaka haujaisha. Kwetu sisi kesi hiyo haijaisha. Namjua mwenzangu anayepanda basi hadi wilaya nyingine kuchukua dawa, kila mara akisingizia msiba. Misiba ikizidi mno, safari moja inarukwa, na dawa pia.

Mwingine alichomwa na sindano usiku, akimshona mama. Dawa za PEP, zile za kuzuia maambukizi baada ya ajali kama hiyo, zilikuwepo, kabatini, hatua chache kutoka aliposimama, na anajua vizuri kwamba zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Lakini kabla ya kupewa unapimwa kwanza, jina linaandikwa kwenye rejista, na rejista inasomwa na watu tunaokunywa nao chai. Alinawa mikono akaendelea na zamu. Mheshimiwa, hili linaniuma kuliko stoo yangu. Tunawaambia wananchi wapime mapema, na sisi tunaowaambia tunaogopa kupima mahali tunapofanya kazi.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Toa kanuni inayosema kwamba ukunga, uuguzi, udaktari na kazi za maabara haziingii katika ule msamaha aliopewa mwajiri. Hospitali inayotaka leseni ieleze nani anayaona majibu ya vipimo vya wafanyakazi wake, na ipige marufuku kumpima VVU mtu anayeomba kazi. Na anayehamishwa au kunyimwa mkataba apewe sababu kwa maandishi, ili akifika kwa afisa wa kazi wa wilaya awe na kitu mkononi.

Mimi bado nina leseni, na hakuna mama aliyewahi kunishtaki. Wenzangu wanne wameisoma barua hii kabla haijatoka. Hakuna aliyetia sahihi, nami sikuwaomba. Bado wana kazi.

Wako mtiifu,

Mkunga, Arua