Mgeni wa saksafoni asiondoke na makofi tu

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu mpiga saksafoni mgeni aliyetumbuiza chuo kikuu akisindikizwa na piano. Mwandishi wenu alishangaa chombo cha "muziki wa dansi" kupigiwa muziki wa klasiki. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyebuni saksafoni, alipata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mjini Paris mwaka 1846, miongo mingi kabla ya jazi kuzaliwa. Basi tusishangae.

La kusikitisha ni kwamba maonyesho haya huisha usiku uleule. Niliwahi kuhudhuria moja: mgeni aliipuliza sauti ya mwisho taratibu, ikafifia hadi tukasikia vitufe vikigonga chini ya vidole vyake, huku mpiga piano akingoja, mikono hewani. Makofi yakalia, gari likamchukua. Wanafunzi wa muziki hawakupata hata dakika tano za kumuuliza anavyoweka midomo au anavyotunza pumzi.

Vyuo vimwalike mgeni kwa sharti la kufundisha darasa la wazi kesho yake asubuhi, na mazoezi yake na mpiga piano yasifanyike nyuma ya mlango uliofungwa. Nauli yake si imeshalipwa?

Mpenzi wa muziki