Kabla hatujapiga kura kuhusu hisa

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Kampuni ya madini tuliyonunua hisa zake inataka tupigie kura mambo mawili: kuunganisha hisa 10 kuwa 1, na kampuni kutumia pesa zake kununua tena hisa zake yenyewe kutoka kwa wanahisa. Kuunganisha hisa 10 kuwa 1 hakumwongezei mtu mali: mwenye hisa 50,000 atabaki na 5,000, na bei, kwa hesabu tu, itapanda mara 10. Ninachohofia ni kinachofuata. Kampuni ndogo za madini mara nyingi hutoa hisa mpya baada ya hapo, na fungu letu la umiliki linapungua.

Hili la kampuni kununua hisa zake ndilo zito zaidi. Mgodi haujaanza kuzalisha, kwa hiyo pesa hizo ndizo hizo za kuchoronga miamba! Tafadhali someni taarifa ya mtiririko wa fedha: salio litatosha robo ngapi za mwaka? Maswali yawekwe hapa kabla ya Ijumaa, niyapeleke kwa wakurugenzi.