Sauna bila kupoa haileti usingizi

Ndugu Mhariri,

Klabu nyingi za mazoezi Dar es Salaam sasa zina sauna, yaani chumba cha joto kali cha kutoa jasho, na wateja huambiwa kwamba ukiingia usiku utalala fofofo. Wapo wanaotoka humo wakajigeuza kitandani hadi saa nane. Tatizo huwa ni muda waliopanda kitandani, na kutopoa.

Usingizi huja joto la ndani ya mwili linaposhuka. Sauna hulipandisha kwanza, ikatanua mishipa ya damu ya ngozi, hasa mikononi na miguuni. Ukishatoka, damu hiyo hutoa joto nje. Anayelala dakika 20 baada ya kutoka bado moyo unamwenda mbio. Aache saa moja hadi mbili.

Huko Ufini, ambako sauna ya nyuzi 80 hadi 100 ni jambo la kila nyumba, mtu hutoka akakaa kwenye baridi au akajitosa ziwani. Dar mwezi Februari, usiku wenyewe una nyuzi kama 26 na unyevu tele: jasho linatiririka, halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi. Kwa hiyo kaa dakika 10 benchi la chini (la juu ni kali zaidi), inuka polepole kwa kuwa presha hushuka, jimwagie maji ya bomba, kisha kaa mbele ya feni na usivae mpaka jasho likate. Ukirudi ndani, iwe mara moja tu. Kunywa maji nusu lita au zaidi. Pombe, hapana kabisa.

Kuhusu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, utafiti wa Marekani uliochapishwa 2016 ulipasha miili ya wagonjwa mara moja hadi nyuzi 38.5, na nafuu ikaonekana kwa wiki sita. Inatia moyo, ila walikuwa watu wapatao 30 tu, tena ndani ya mashine maalumu chini ya uangalizi. Asiache mtu dawa kwa hilo. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, awe mwangalifu zaidi: akikaukiwa maji, dawa hupanda kwenye damu hadi kuwa sumu, mikono ikatetemeka, akaharisha, akachanganyikiwa. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili nazo hupunguza jasho. Amuulize daktari kwanza.

Wenye klabu watundike kipimajoto usawa wa kichwa cha aliyekaa benchi la juu. Kikiwa karibu na mlango kinasoma pungufu, na mteja anaongeza moto bure.

Mkufunzi wa mazoezi,
Dar es Salaam