Dalali wa muuzaji si mtu wako

Mhariri,

Tangu bandari ya Lamu iwe gumzo, kurasa zenu zimejaa matangazo ya nyumba na viwanja vya huku. Siwalaumu, gazeti nalo lina midomo ya kulisha. Ninacholalamikia ni kwamba karibu kila tangazo huishia kwa nambari ya simu, na msomaji hajui atakayeipokea ni mwenye nyumba, mpwa wa mwenye nyumba au dalali. Naomba mchapishe tangazo baada ya kumuuliza anayelileta yeye ni nani, na analipwa na nani. Jibu lichapwe hapo hapo chini ya bei.

Mimi ni fundi wa chokaa na boriti, kwa hivyo wanunuzi hunifikia wakiwa wameshalipa. Nikiwauliza nani aliwasimamia kwenye bei, wengi hunitajia dalali yule yule aliyetumwa na muuzaji. Huyo kala kamisheni ya muuzaji, au kala cha juu: mwenye nyumba ataka milioni 8, mnunuzi aambiwa 10, na mbili hazifiki kwa mwenyewe. Ni riziki yake na hajaficha kitu kwa anayejua kuuliza. Ila mtu anayeneemeka bei ikipanda hawezi kukuombea ishuke, hata mkinywa kahawa pamoja kila jioni.

Anayetaka mtu wake na amtafute mwenyewe, amlipe mwenyewe, na ujira uwe ule ule anunue asinunue. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Dalali asiyepata kitu mpaka uweke saini hatakwambia "hii iwache", na Lamu neno hilo lahitajika kuliko mahali pengi.

Chukua nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu. Chini yaweza kuwa ya huyu na juu ya yule, tangu babu zao wagawane. Halafu kuna wikio, kile chumba kilichokaa juu ya njia: mlango wake uko nyumba moja, boriti zake zimelalia ukuta wa nyumba ya pili. Niliitwa siku moja kubadilisha boriti za wikio zilizoliwa na mchwa. Sijamaliza kufunga jukwaa, jirani katoka na karatasi ya kale iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki: chumba ni chao, wao walimpa tu ndugu yao alale. Mnunuzi, mgeni kutoka bara, alikuwa na picha ya chumba hicho hicho katika simu yake, ametumiwa na dalali, imeandikwa "chumba cha kusomea". Kazi ilisimama. Mzee yeyote wa mtaa ule angemweleza habari hiyo bure, kama angeulizwa kabla.

Ndiyo maana nasema mtu wako awe anajua kubisha hodi. Nyumba ya urithi yaweza kuwa na warithi Mombasa, Muscat na Jeddah, na saini ya kaka mkubwa peke yake haitoshi mpaka mirathi ipite kwa Kadhi. Nyumba ya wakfu haiuzwi, hata msimamizi wake akiwa na shida gani. Na Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hivyo anayekuahidi utaongeza ghorofa na kuchimba bwawa la kuogelea, mwulize kama amepita Makumbusho ya Taifa, wanaoangalia majengo ya kale. Shela nako, viwanja vya kwenye vilima vya mchanga vinanadiwa kwa sababu ya upepo wake mzuri, ilhali chini ya mchanga ule ndiko yaliko maji ya kisiwa.

Upande wa bara, Mokowe na Hindi, mambo ni ya karatasi zaidi. Sachi ya hati, yaani kuangalia ofisi ya ardhi hati ni ya nani, ni ya lazima, lakini si mwisho. Mwaka 2014 Rais Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za ekari zipatazo 500,000 katika kaunti hii, na waliokuwa nazo walikuwa na makaratasi mazuri kabisa. Shamba la kilimo lataka pia idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na nyumba ya ndoa yataka ridhaa ya mke au mume. Mgeni asiye raia hapati zaidi ya miaka 99. Katiba imesema, hata dalali aape vipi.

Kuna wanaosema dawa ni kutumia tu mawakala waliosajiliwa na bodi yao chini ya Sura ya 533 ya sheria za Kenya. Nakubali nusu. Cheti hakimwambii mtu wikio ni la nani. Lakini aliyesajiliwa ana mahali pa kushtakiwa, na yule wa gatini mwenye simu mbili hana. Kwangu mimi bora wawili: wakala mwenye cheti, na mwenyeji wa mtaa wa kumwongoza. Wakili naye umtafute wewe, usiletewe na dalali, na ile asilimia 10 ya bei inayotangulizwa aishike yeye. Nasi mafundi tusijifanye malaika. Wako wanaopewa chao kwa kuleta mteja, basi na sisi tuulizwe.

Najua watakaosema hiyo ni gharama juu ya gharama. Ushuru wa stempu peke yake mjini ni asilimia 4 ya thamani, yaani shilingi 320,000 kwa nyumba ya milioni 8, na sijaona anayeulipa akigombana na karani. Akiambiwa ampe mtu ujira wa siku chache za kuzunguka mitaani akiuliza, hapo ndipo ahisi anaibiwa.

Fundi wa chokaa,
Langoni, Lamu