Kamba za mbwa zinazojikunja zidhibitiwe Karura

Mhariri,

Kanuni ya msitu wa Karura, Nairobi, inataka kila mbwa afungwe kamba, na ni kanuni nzuri. Tatizo ni zile kamba nyembamba zinazojikunja ndani ya mpini na kurefuka hadi mita 5 au zaidi. Mbwa aliye umbali huo hazuiliki upesi. Baiskeli ikitokea konani, kamba imeshatanda njia nzima. Anayeidaka kwa mkono mtupu huchanika vidole.

Wenye kuzipenda, na raha yake naielewa, wazibane kwa kitufe zibaki fupi penye watu, wazirefushe penye uwazi tu. Wasimamizi nao waandike kwenye mabango urefu unaoruhusiwa njiani: mita 2 zatosha.

Mfuga mbwa,
Nairobi