Harambee ya Laptopu 10: Wanafunzi Wetu Wausome Moyo kwa Namba

Ndugu wazazi, wanafunzi wa zamani na majirani wa shule yetu hapa Kilifi,

Tumewajia tena na kadi za mchango, safari hii kwa ajili ya klabu ya sayansi.

Wanafunzi wa kidato cha tatu huchora moyo vizuri sana daftarini: vyumba vinne, vali, mishipa. Lakini umeme unaotangulia kila pigo hawajawahi kuuona, na mashine ya kuupima hatuna. Rekodi zake, hata hivyo, zipo. Tovuti ya PhysioNet, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999, hutoa bure rekodi za moyo, pumzi na ubongo, bila majina ya wagonjwa.

Tungependa kuanza na mkusanyiko wa rekodi za umeme wa moyo uliotokana na kazi ya hospitali ya Beth Israel, Boston, kati ya 1975 na 1979. Una vipande 48 vya nusu saa, na kila sekunde imepimwa mara 360. Kila pigo huonekana kama kilele kwenye mchoro wa rekodi. Mwanafunzi akikuta vilele viwili vinavyofuatana vimeachana kwa vipimo 300, atagawanya kwa 360 apate sekunde 0.83, yaani mapigo 72 kwa dakika. Hesabu, fizikia na biolojia, zote katika kipindi kimoja! Mbele kidogo atakuta pigo lililowahi kabla ya wakati wake. Atakisia ni la aina gani, kisha alinganishe jibu lake na alama iliyowekwa na madaktari wa moyo. Hatuwafundishi kutibu; hiyo ni kazi ya waliosomea. Tunataka waelewe jinsi mwili unavyogeuka namba, kwa sababu miongoni mwao wamo wauguzi na mafundi wa mashine za hospitali wa kesho.

Programu za kuzisoma rekodi hizi ni za bure pia, na rekodi zikishapakuliwa, somo huendelea hata mtandao ukikatika. Tumekwama kwenye vifaa tu. Tunaomba shilingi 300,000: 250,000 za laptopu 10 za mtumba, zinazobaki za nyaya za umeme na intaneti ya kupakulia.

Kadi ziko kwa mweka hazina wa chama cha wazazi, na kila mchango utaandikiwa risiti. Mwenye laptopu inayowaka ambayo haitumii, ailete ofisini kwa mwalimu mkuu pamoja na chaja yake. Harambee yenyewe ni Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, saa nne asubuhi, uwanjani. Karibuni nyote.